Kijana Aliyekataa Kula Mbele Yangu

Maneno yale nilipewa na Mama Louise mbele ya kanisa, misa ya kwanza ikiwa imetoka sasa hivi, vitabu vya nyimbo vikingali mukononi. Alinishika kiwiko, akanivuta pembeni ya ukuta, akaongea polepole sawa mutu anayesoma tangazo la kilio.

"Mama Olive, weye ni rafiki yangu, njo maana nakuambia. Ule kijana wa Bukavu anayemupeleka mutoto wako hoteli..."

"Hamupeleki. Anatumikaka pale. Ni mupishi wa nyama."

"Sawa, mupishi. Lakini unajua vile anafanyaka? Anamukalisha Olive mezani, anamuletea nyama, kipande kikubwa sawa kiatu. Olive anakula. Yeye anakaa, anamuangalia. Hakulaka! Katika mutaa wa Keshero muzima hakuna mutu amemuona ule kijana anatia kitu kinywani."

"Labda hana njaa."

"Jumapili tatu, hana njaa?" Mama Louise akaangalia nyuma kama kuko mutu anasikiliza. "Na kabla ya Olive kulikuwa binti mwengine, wa Munigi, Charline. Naye alilishwa vile vile. Leo Charline hawezi kutembea, tumbo imevimba. Mimi sijasema kitu. Nimekuambia tu."

Akanibusu, akaenda zake kununua mukate.

Mama wenzangu, munajua nyumba zetu. Mugeni akifika, unafungua chupa mbele ya macho yake, unamimina kidogo kwa kikombe chako, unakunywa weye wa kwanza, kiisha unamumiminia. Chakula vile vile: mwenye kukaribisha njo anaanza kutafuna. Hakuna anayetaja neno sumu mezani, ni haya. Lakini macho yote yanaangalia kinywa cha mwenye nyumba. Mutu anayelisha na yeye mwenyewe hakulaka, huyo hatumuaminiaka hata kama amevaa musalaba shingoni.

Tena nikakumbuka kitu. Aubin, ule kijana, alikuwa amefika kwangu Ndosho mara moja, kunisalimia. Nilimupikia fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, vya siku ile ile. Alikaa pembeni ya kiti, magoti pamoja, akasema, "Nimeshiba, mama." Siku ile nilisema ni kijana wa adabu. Sasa ile "nimeshiba" ilianza kunikwaruza tumboni sawa mufupa wa samaki.

Wakati ulikuwa hauko wa kuchezea. Jumamosi iliyofuata, wazee wa Aubin, akina Bashige, walikuwa wanapanda boti kutoka Bukavu kuja kupiga hodi kwetu, kumuomba Olive. Bwana wangu Gauthier amekufa miaka sita, na kaka yangu Valentin, anayesimama pa nafasi yake, alikuwa amenipigia simu kutoka Butembo: "Dada, neno ni lako. Ukisema ndiyo, ninatelemuka kuwapokea. Ukisema hapana, tunawaambia wasitoke kwao." Alitaka jibu siku ile ile.

Nilipofika nyumbani, Olive alikuwa mbele ya mashini yake ya kushona, anacheka peke yake na simu. Mutoto wangu wa miaka makumi mbili na ine. Anashonaka tabliye, aproni za wapishi wa ile hoteli, njo vile walijuana: tabliye ya kwanza aliyomupelekea Aubin ilikuwa fupi, ikamufikia juu ya magoti, na Aubin aliivaa hivyo hivyo wiki muzima, wenzake wakimuchekelea, ili asimupe mushonaji haya.

"Mama, vaa liputa yako ya kijani," Olive akaniambia. "Leo saa sita tunakula hoteli."

"Nani anatuita?"

"Aubin. Kila mutumishi anapewaka meza moja kwa mwaka, alete watu wake. Wengine wanaleta mama yao. Yeye amesema atakuleta weye."

"Na yeye atakula?"

Olive akainua macho. "Mama, ulizo gani hilo? Nimeomba meza ya watu watatu."

"Basi tunaenda," nikasema. Na ndani ya moyo: leo nitaangalia hicho kinywa.

Tulipanda moto mbili, pikipiki za abiria. Mulinzi wa mulango wa hoteli akatupigia saluti, na mimi, kwa woga, nikamurudishia. Ndani, nyasi zimekatwa sawa nywele za askari, maua ya kila rangi yanapanda juu ya mawe meusi ya volkano, na pembeni ya pisini, bwawa la kuogelea, watu wamelala kwa mustari, wanajianika juani sawa mihogo. Ziwa liko pale pale chini ya ngazi, kimya, bluu ya kupita kiasi.

"Mama, tembea kawaida," Olive akaninong'oneza.

"Natembea namna gani?"

"Sawa mutu anayetafuta mwizi."

Restora yao ya nyama iko wazi upande wa ziwa. Vitambaa vyeupe, bilauri tatu kwa kila mutu kama vile mutu ana vinywa vitatu, na visu vyenye meno. Nyuma ya kioo kikubwa unaona moto wenyewe, na mbele ya moto, Aubin. Kijana murefu, mweusi wa kung'aa, mikono imekunjwa hadi kiwiko, anageuza nyama na vidole viwili sawa mutu anayegeuza karatasi za kitabu.

Hakutuona mara moja. Alimuona Olive kwa sababu Olive alisimama. Nitasema ukweli hata kama nilikuja kutafuta ubaya: ule mutoto alipomuona mutoto wangu, alisahau anachoshika. Moto ulimulamba, akaruka, akatikisa mukono, na bado alikuwa anacheka. Na Olive akaweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe, kama yeye njo ameungua. Nikaangalia ziwa haraka. Kuko macho ambayo mama hapaswi kuyaona.

Kiisha Aubin akaniona mimi. Kicheko kikakatika. Akainamisha kichwa, chini kabisa, akarudi kwa moto wake.

*Anaogopa*, nikajiambia. *Kuko kitu.*

Muzee mumoja mwenye mvi na koti jeusi akafika na karata ya vyakula. Jina liliandikwa kifuani: Bulonza.

"Karibuni sana. Mama, nyama yako tuipike namna gani? Saignant, à point, ao bien cuit?"

"Huyu papa anasema nini?" nikamuuliza Olive.

"Anauliza kama unataka na damu, ao kidogo, ao bila."

"Muzee Bulonza," nikasema, "huyo ng'ombe afe kabisa. Ikifika hapa na damu, tutaongea mimi na weye."

Muzee akaandika, kinywa kikicheza. "Bien cuit, na deuil, kilio kabisa."

Olive akaficha uso katika kitambaa. Hata mimi nilicheka kidogo.

Nyama aliileta Aubin mwenyewe. Na hapo nikaanza kuhesabu makosa yake. Moja: sahani yangu hakuniwekea mimi mbele, alimupa Olive, Olive akaniwekea. Mbili: alinisalimia akiangalia miguu yangu. Tatu: alipomaliza, akaanza kurudi nyuma nyuma, sawa mutu anayetoka mbele ya altare.

"Aubin," nikasema. "Kaa. Kuko kiti."

"Mama, moto unaniita."

"Nyuma ya kioo naona wapishi wanne."

"Ndiyo, kaa," Olive akasema, akimuvuta tabliye. "Nimeomba meza ya watatu, na yako à point, vile unapendaka. Asubui uliniandikia hujakunywa hata chai."

Akakaa. Lakini alikaa upande upande, bega likinielekea mimi, uso ukielekea ziwa, kama anayengojea boti. Nyama yake ikaletwa. Harufu yake, mama wenzangu! Mafuta bado yanaimba. Ng'ombe wa Masisi, aliyekula majani ya milimani, na chumvi tu, na moshi. Tumbo langu liliniambia: *kula, ujinga uache*. Nikalinyamazisha.

"Anza," nikamuambia.

"Mama, muanze."

"Kwetu, mwenye kukaribisha njo anaanza."

"Ni kweli, mama."

"Basi?"

Akapanga kisu sawasawa na uma. Akapangua. Akapanga tena.

"Nimeshiba, mama."

Olive akacheka. "Ameshiba! Aubin, weye jana ulikula fufu yangu ukalamba na sahani."

"Ulimuona akila?" nikamuuliza mutoto.

"Mama, na macho haya mawili! Lakini hapa hotelini hana ruhusa kula na watu, ni siku ya meza yake tu. Juu ya nini unauliza?"

Hapo ningeweza kupumua. Mutoto wangu alikuwa amenijibu. Lakini maneno ya Mama Louise yalikuwa yamekalia kichwa changu kuanzia asubui, na mutu wa mbele yangu alikuwa bado na kinywa kimefungwa.

"Kama anakulaka, akule. Sasa. Mbele yangu."

"Mama, unamuongelesha sawa mutoto wa shule," Olive akasema. Kicheko kilikuwa kimetoka sautini. "Aubin, kata kidogo tu, atulie."

Aubin akakata. Kipande kidogo, sawa kidole. Akakiinua. Kilifika karibu ya midomo, naye akainua macho, yakakutana na yangu. Mukono ukashuka. Kipande kikarudi kwa sahani.

"Siwezi."

"Huwezi juu ya nini?"

"Mama, unisamehe. Siwezi kusema."

Basi kile nilichokuwa nimefunga kikatoka chote kwa mara moja, na sauti ya soko. "Nitasema mimi! Watu wanasema unalisha mabinti na weye hauli! Wanasema binti wa Munigi alikula mukononi mwako, leo tumbo yake imevimba!"

Meza ya jirani wakaacha kutafuna. Olive akafungua macho sawa sahani.

"Charline? Mama, Charline iko na mimba ya miezi nane! Bwana yake ni dereva wa hii hoteli, njo maana alikula hapa! Anaendesha gari ya wageni, ile nyeupe uliyopita pembeni yake!"

Sikujua niweke wapi uso. Lakini Aubin hakucheka. Alikuwa amesimama, mikono juu ya mugongo wa kiti, na kwa mara ya kwanza nikaona ana alama ya moto kwenye kila kidole.

"Mama, ulifikiri naweza kumutilia Olive kitu?"

"Sikufikiri. Watu walisema."

"Na weye, mama, unasema nini?"

Ningepaswa kusema, nimekosa. Ulimi wangu ni muzito mahali pale. "Kula," nikasema, "njo nitajua cha kusema."

Olive akamushika mukono. "Aubin. Kipande kimoja. Juu yangu. Sasa si mama anayeomba, miye njo naomba."

"Olive, niombe kitu kingine. Niombe nisimame kwa moto kutwa na usiku. Niombe nivuke hili ziwa na miguu. Hiki kimoja sikiwezi. Na kukuambia juu ya nini, pia siwezi, si leo. Wazee wangu wafike kwanza."

"Wafike kufanya nini, kama mama anasema hapana?"

"Ngoja siku sita tu, mupenzi."

"Nikae na mashaka siku sita? Na mama asilale siku sita?" Akaachia mukono wake. Machozi yalikuwa yamejaa lakini alikataa yashuke. Kwa kiburi anafanana na mimi. "Basi wazee wako wabaki Bukavu. Waambie boti imejaa."

Aubin alimuangalia. Alimuangalia wakati murefu, sawa mutu anayejifunza sura kwa moyo kwa sababu anaenda mbali. Kiisha akachukua kitambaa chake, akakikunja mara ine, akakiweka mezani pembeni ya mukono wa Olive bila kuugusa, akarudi kwa moto. Nyuma ya kioo alitugeuzia mugongo. Tabliye ilimufikia juu ya magoti. Ilikuwa ile fupi.

Tukabaki wawili na sahani tatu.

"Umefurahi, mama?" Olive akauliza.

Sikuwa nimefurahi. Nilikuja kuokoa mutoto wangu, na huyu hapa mbele yangu, mabega yameanguka, anakata nyama vipande vidogo vidogo ambavyo hatakula. Hakuna mutu alikuwa amemuumiza vile kuanzia siku ya mazishi ya baba yake. Ni mimi.

Muzee Bulonza akasogea. Aliona sahani zimejaa.

"Mama, ng'ombe hajafa vizuri?"

"Nyama ni nzuri, muzee. Ni watu wameharibika."

"Nimesikia kidogo. Samahani, restora nzima imesikia kidogo." Akainama. "Unipe ruhusa niulize. Weye ni nani kwa huyu binti?"

"Nilimuzaa."

"Na Aubin anatafuta nini kwa huyu binti?"

"Jumamosi wazee wake wanakuja kupiga hodi. Walikuwa wanakuja."

Muzee akasimama wima. Akaniangalia, akaangalia nyama ya Aubin yenye kipande kimoja kilichokatwa, akaangalia kioo. Kiisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akatoa miwani na kupangusa macho.

"Yee mama! Na weye unamuambia akule mbele yako! Unataka huyu mutoto afe na haya? Weye ni mama mukwe! Mimi ni mutu wa Walungu, upande wa Bukavu, ndoa yangu ina miaka makumi tatu na moja, na mama mukwe wangu hajapata kuona meno yangu yakitafuna!"

"Lakini angesema!" Olive akaruka. "Si angesema tu?"

"Aseme nini, mutoto wangu? Aseme, 'Siwezi kula juu ya huyu ni mama mukwe wangu'? Wazee hawajaongea! Angekuwa amejiowesha yeye mwenyewe, mezani, na uma mukononi. Hapo mama yako angemufukuza, na haki."

Mama wenzangu, nilishika paji la uso. Kwa sababu nilijua. Hicho kitu nilikijua kabla ya Muzee Bulonza kukisema! Kwetu kijijini Kyondo, Gauthier alipokuja kwa mama yangu, alikuwa anakulia jikoni, nyuma ya kuni. Mama yangu akitaka kupita uwanjani, anakohoa kwanza, aghrr, aghrr, ili mukwe afiche sahani. Mpaka mama yangu alipokufa, walipendana namna hiyo. Olive hakujua, amezaliwa Ndosho, bibi yake alikufa yeye akiwa mugongoni. Lakini mimi? Kijana alinipa sahani kwa mukono wa mutoto wangu, alinigeuzia bega, aliangalia miguu yangu: alinifanyia yote ambayo Gauthier alimufanyia mama yangu. Na mimi nikahesabu moja moja na kuita makosa.

Olive alikuwa ameshasimama kukimbia kwa kioo.

"Kaa," nikamuambia. "Aliyeharibu ni mimi."

Nikavuka ile restora yote na liputa yangu ya kijani. Wapishi wakasogea. Joto la moto likanipiga uso.

"Aubin."

"Mama." Miguu yangu tena.

"Nyama yako inapoa. Rudi mezani."

"Mama, nimekuomba..."

"Rudi tu. Sitakuuliza kitu."

Akanifuata, hatua tatu nyuma. Nilipofika, nikashika kiti changu, kizito kweli, nikakiinua mwenyewe. Muzee Bulonza alitaka kunisaidia, nikamukatalia. Nikakigeuza, mugongo wa kiti kwa meza, uso kwa ziwa. Nikakaa. Nikaweka pochi juu ya magoti.

"Mimi naangalia maji," nikasema kwa sauti. "Sioni mutu yeyote. Muzee Bulonza, uniambie akimaliza."

Nyuma yangu kiti kikavutwa.

"Amekaa, mama," Muzee Bulonza akatangaza, sawa mutu wa mupira kwenye redio. "Ameshika kisu. Anamuangalia binti. Binti anamuangalia. Hapo watachelewa."

"Papa Bulonza!" Olive akalalamika.

"Amekata. Kubwa. Ameweka kinywani. Mama, amekula!"

Meza ya jirani wakapiga makofi. Muzungu mumoja alikuwa anauliza kuko sikukuu gani.

"Ya pili. Ya tatu. Mama, huyu mutoto alikuwa na njaa ya kweli."

Na chini ya kelele ile nikasikia sauti zao wawili, polepole, wakifikiri maji yamenifunga masikio.

"Nilikuambia boti imejaa," Olive akasema.

"Ningewapandisha pirogi, na makasia."

"Utanisamehe?"

"Sijui. Nipe viazi viwili vya frite nifikiri."

"Kinywa chako kimejaa."

"Njo maana nafikiri vibaya. Olive, usinilie tena. Ulipolia nilisahau hata chumvi, nimechoma nyama ya mukubwa wa benki mpaka ikawa makaa."

"Sikulia."

"Basi nani amelowesha kitambaa changu?"

Akacheka, mutoto wangu. Kile kicheko nilikuwa nakifuata tangu asubui bila kujua. Nikafungua pochi, nikatoa simu, nikamupigia Valentin pale pale, uso kwa ziwa.

"Dada! Umeamua nini?"

"Uko Butembo?"

"Niko dukani. Sema. Umemuona huyo kijana?"

"Simuoni. Anakula nyuma yangu."

"Nyuma yako namna gani?"

"Nimemugeuzia kiti. Alikataa kula mbele yangu."

Nikasikia muteja wa Valentin anauliza bei ya misumari, naye hamujibu. Kiisha akasema, na sauti ilikuwa imebadilika:

"Alikataa? Kijana wa siku hizi? Katika hoteli?"

"Nilimulazimisha mara tatu. Akapenda kumupoteza mutoto kuliko kutafuna mbele yangu."

"Dada, nitelemuke siku gani?"

"Alhamisi. Ulete mbuzi moja kubwa ya wageni. Hawa watu wa Bukavu watakuja kutuongelea ng'ombe wa mahari, wasifikiri sisi hatuna kitu."

Nyuma yangu mutu akakabwa na nyama. Nilisikia Olive anamupiga mugongo, pu, pu, pu, na Muzee Bulonza anakimbilia maji.

"Mama," sauti ya Aubin ikatoka, imekatika katika, na machozi ya kukohoa ao ya kitu kingine, sikugeuka kuangalia. "Mama, nimemaliza. Aksanti."

"Umeshiba?"

"Bado, mama."

"Basi umalize na yangu pia. Uniletee ingine ya moto. Bien cuit."

Njo nikakula, yeye akiwa amerudi nyuma ya kioo. Nilikula yote, na mafuta, na kile kitunguu kidogo cha kuchoma. Tulitoka pale saa tisa, jua bado kali, na Aubin akatusindikiza hadi kwa mulango, mimi mbele, wao wawili nyuma. Kila hatua chache nilikohoa, aghrr, aghrr, wapate wakati wa kuachana mikono.

Mama mwenye binti wa kuolewa, haya uyaepuke:

Usipokee maneno ya mutu mbele ya kanisa ukayala bila kuyatafuna.

Usiende kula kwa mutu ukiwa umeshamuhukumu. Utaona tu kile ulichokuja nacho.

Usimulazimishe kijana kula mbele yako. Wala usimuulize juu ya nini hakulaka.

Usipige kelele hotelini. Kule hakuna redio ya kukufunika.

Usiite mimba ugonjwa kabla hujamuuliza mwenye tumbo.

Usimulee mutoto wako mujini bila kumuambia namna bibi yake alivyokohoa uwanjani.

Na ukiona umekosa, usingoje wakubembeleze. Geuza kiti haraka, nyama isipoe.